Sammy Baloji na Picha za Nchi ya Shaba

Sammy Baloji ni mpiga picha za sanaa aliyezaliwa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1978. Kazi zake zimetundikwa Bamako, New York, Venice, Kassel na Florence, lakini chimbuko la nyingi kati yake ni nchi moja: ile inayoanzia kwenye migodi ya Katanga na kuishia kwenye maziwa ya Tanganyika na Mweru. Mtu wa Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, akizitazama atakuta humo historia ya babu zake, maana nchi ya shaba na nchi ya samaki zimelishana kwa zaidi ya miaka mia moja. Jambo kubwa alilofanya Baloji ni kuzitoa kabatini picha zilizopigwa na watawala wa kikoloni, akawarudishia watu waliomo hadhi ambayo kamera ya kwanza iliwanyima.

Wabelgiji waliuanzisha mji wa Lubumbashi mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri lake la kwanza likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Nchi iliyozunguka migodi ilikuwa na watu wachache na mashamba machache, kwa hiyo chakula kilitoka mbali, na wachimbaji nao walitoka mbali. Sehemu kubwa ya nguvu kazi ya miaka ya mwanzo ilikuwa vijana wa Rhodesia ya Kaskazini, wengi wao wa bonde la Luapula, walioajiriwa kwa mikataba na mawakala wa kampuni ya Robert Williams. Mtiririko huo ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1930, shaba iliposhuka bei duniani na wafanyakazi wa kutoka upande wa Waingereza wakarudishwa kwao.

Samaki hawakukoma. Mweru hupokea maji ya Luapula kutoka kusini, na huyatoa Pweto, kaskazini, kwa mto Luvua unaoelekea Kongo. Mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulipitisha mpaka katikati ya maji hayo: Nchelenge na Kashikishi zikabaki mashariki, Pweto na mji wa Kilwa zikabaki magharibi, na ukoo mmoja ukajikuta una wavuvi chini ya bendera mbili. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao Kasenga, kando ya Luapula, wakanunua samaki kutoka pande zote mbili, wakawapanga kwenye barafu na kuwapeleka kwa malori hadi Élisabethville, safari ya takriban kilomita 200. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa wakati wa kutaga mayai, alivuliwa kwa nyavu za biashara hiyo mpaka makundi yake yakaisha katika miaka ya 1940. Kwa hiyo ukiona picha ya kambi ya wachimbaji wa Union Minière na foleni ya watu wanaosubiri posho, ujue kwamba sehemu ya kilichomo kwenye vyombo vyao ilivuliwa Mweru. Lugha nayo ilipita njia hizo hizo. Kiswahili kilichokuwa cha misafara ya biashara kikawa lugha ya kazi migodini, na leo kinasikika hata upande wa Nchelenge, hasa tangu mwaka 2017, wakimbizi kutoka Kongo walipovuka kwa wingi na serikali ya Zambia ikawafungulia makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo.

Baloji alikulia Lubumbashi wakati mji ulipokuwa ukiporomoka. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Shule, hospitali na maduka ya kampuni, ambayo familia za wafanyakazi ziliyategemea tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, vilikwisha nguvu pamoja nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Kwa kijana wa Lubumbashi wa wakati huo, habari za zamani kuhusu mshahara wa uhakika na gunia la unga kila mwezi zilikuwa masimulizi ya wazee tu.

Alisoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika sayansi ya habari na mawasiliano, na baadaye akaenda shule ya sanaa ya Strasbourg, Ufaransa. Kwanza alikuwa mchoraji wa hadithi za katuni. Kamera aliishika ili apate picha za kumsaidia kuchora, na baadaye akashiriki katika kazi ya kupiga picha majengo ya kale ya jiji kwa ajili ya kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye viwanda vya Gécamines na kwenye hifadhi ya picha za kampuni. Humo mlikuwa na miongo mingi ya maisha ya mgodini: vibarua wapya waliosimamishwa kwa safu, wake zao, watoto wa kliniki, wakuu wa kampuni waliovaa kofia za jua, wageni wa heshima wanaotembelea mitambo. Picha hizo zilipigwa ili kuthibitisha mpangilio na maendeleo. Hakuna aliyezipiga kwa nia ya kuwakumbuka waliomo.

Hapo ndipo ilipozaliwa *Mémoire*, kazi iliyomtambulisha Baloji duniani, aliyoikamilisha mwaka 2006. Mbinu yake inaelezeka kwa maneno machache. Baloji alipiga picha pana za rangi za viwanda vilivyokufa: mabanda yaliyopasuka mapaa, reli zilizomezwa na majani, mashimo yaliyoachwa wazi, mlima mweusi wa mabaki ya madini unaoonekana kutoka kila kona ya Lubumbashi. Kisha akawakata watu kutoka kwenye picha za kale, wakiwa katika weusi na weupe wao, akawasimamisha juu ya udongo mwekundu wa leo. Mpaka kati ya nyakati mbili hakuuficha. Miguu ya mtu wa kale haikanyagi ardhi sawasawa, mwanga unaompiga usoni hautoki kwenye jua linaloangaza bati nyuma yake, na vumbi linalozunguka mabanda halimgusi. Anayetazama anaona wazi kwamba mtu huyu aliingizwa mahali hapa, na anaona pia kwamba mahali hapa ni pake, kwa kuwa ni yeye aliyepajenga.

Katika historia ya upigaji picha, ulinganisho ulio karibu zaidi na kazi hii uko mbali sana na Katanga, huko Bohemia ya Kaskazini, nchi ya Wacheki iliyochimbwa makaa ya mawe mpaka vijiji vyake vikatoweka. Josef Sudek, aliyezaliwa Kolín mwaka 1896 na kupoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alizunguka eneo la mji wa Most mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na kamera nzito ya picha pana, akatengeneza mfululizo ulioitwa *Smutná krajina*, yaani mandhari yenye huzuni. Baada yake alikuja Josef Koudelka, aliyezaliwa Boskovice mwaka 1938, ambaye jina lake lilienea kwa picha alizopiga Praha majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalipoingia Agosti 1968. Mwaka 1994 Koudelka alichapisha kitabu kiitwacho *Černý trojúhelník* juu ya nchi hiyo hiyo ya makaa, nacho kina picha ndefu za mashimo, magogo makavu na matope ya viwandani. Baloji, Sudek na Koudelka wote walihitaji picha pana, kwa sababu jeraha la mgodi halienei katika fremu ya kawaida. Lakini katika mandhari za Wacheki hao wawili mtu haonekani, au anaonekana kwa shida sana. Ardhi yenyewe ndiyo iliyoteswa na ndiyo inayotoa ushahidi. Baloji hakuweza kuiacha ardhi peke yake. Huko Katanga shaba ilichimbwa na watu waliohesabiwa na kupangwa, na kuonyesha shimo bila wao kungekuwa kuurudia uonevu ule ule. Wafanyakazi wa Union Minière walipogoma Desemba 1941 wakidai nyongeza ya mshahara, askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakaua makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Historia ya namna hiyo inahitaji nyuso.

Kutokana na *Mémoire* ilitengenezwa pia filamu fupi, ambamo mcheza dansi Faustin Linyekula anatembea na kujinyonga mwili ndani ya kiwanda kilichoachwa huku zikisikika hotuba za viongozi wa Kongo. Mwaka 2007, katika maonyesho makubwa ya upigaji picha wa Afrika yanayofanyika Bamako, Baloji alipata tuzo mbili, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, yeye na mwandishi Patrick Mudekereza walikuwa wameanzisha Lubumbashi asasi ya Picha, iliyozaa maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili ambayo leo yanajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Hatua hiyo ina uzito zaidi kuliko tuzo. Msanii aliyekwisha kufunguliwa milango ya Ulaya alijenga mlango mwingine nyumbani, na vijana wa jiji wakapata pa kujifunzia na pa kuonyeshea kazi zao bila kusubiri viza.

Kazi inayoigusa Mweru moja kwa moja ilianzia Ubelgiji. Baloji na Mudekereza walialikwa kufanya kazi katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, karibu na Brussels, na huko Baloji akachagua nyaraka za msafara wa kisayansi wa Katanga wa mwaka 1898 hadi 1900. Kiongozi wake alikuwa Charles Lemaire, ofisa wa jeshi. Msafara ulitumwa kupima mahali kwa nyota, kuchora ramani na kutafuta madini. Ulikusudiwa pia kuonyesha kwamba dola ya Leopold inaimiliki Katanga kwa vitendo, kwa kuwa kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa imekwisha kufika upande wa pili wa Luapula. Ulipitia pwani ya mashariki, ukapanda Zambezi na Shire, ukafika ziwa Nyasa kisha Tanganyika. Mwezi Agosti 1898 mwanajiolojia wake, De Windt, alizama na kufa katika ziwa Tanganyika. Waliobaki waliondoka Moliro, wakavuka nchi ya Watabwa hadi Mweru na kuendelea kwenye kituo cha Lofoi.

Nchi waliyopita haikuwa na amani. Mwaka 1867 David Livingstone alipofika Mweru na kwenye mji wa Mwata Kazembe, alikuta misafara ya Waarabu na Waswahili imemtangulia, na mwaka huo huo Tippu Tip alikuwa amemshinda Nsama, mtawala wa Watabwa kati ya Mweru na Tanganyika. Mwezi Desemba 1891 Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliuawa na msafara wa Leopold. Mwaka 1899, Lemaire akiwa bado Katanga, Waingereza waliuchoma mji wa Mwata Kazembe upande wa mashariki wa Luapula, na mtawala huyo akakimbilia ng'ambo ya mto kabla ya kurudi na kukubali utawala wao. Hao ndio watu waliosimamishwa mbele ya kamera: watu waliokwisha kuona nguvu za wageni na wasio na nafasi kubwa ya kukataa.

Lemaire alikuwa na mafundi wawili wa kuona. Mmoja ni mpiga picha François Michel, wa pili ni mchoraji Léon Dardenne. Michel alifanya kazi kwa mabamba ya kioo, mazito na mepesi kuvunjika, yaliyobebwa na wapagazi pamoja na dawa za kusafishia. Picha zake za watu zilifuata mtindo wa vipimo wa enzi hizo: mtu husimamishwa wima, hutazamwa kwa mbele, kwa upande, pengine kwa nyuma, mwili wake ukionyeshwa kama kielelezo cha kabila. Rangi hazikuwemo. Dardenne ndiye aliyezileta: kwa rangi za maji alichora vilima, mito, mimea, wanyama na watu, kwa mkono mwepesi na macho yaliyofurahia alichokiona. Baadhi ya samaki waliokusanywa na msafara walipelekwa kwa wataalamu wa Ulaya, na samaki mmoja wa Tanganyika bado anaitwa *Lamprologus lemairii* kwa kumbukumbu ya kiongozi huyo. Wapagazi waliobeba mizigo yake hawakupata heshima hiyo.

Katika *Congo Far West*, iliyoonyeshwa Tervuren mwaka 2011, Baloji aliwaunganisha mafundi hao wawili. Aliwatoa watu katika picha za Michel akawaweka ndani ya mandhari za Dardenne. Picha moja inamtaja mhusika kuwa mwanamke wa Urua tu, kwa jina ambalo misafara ya pwani iliipa nchi ya Waluba. Nyingine inamwonyesha Kalamata, chifu wa Kiluba. Mwili wa kijivu, wenye kila mkunjo wa ngozi na kila chale inayoonekana wazi kutokana na ukali wa lenzi, unasimama katikati ya kijani na samawati hafifu zilizopakwa kwa brashi. Karatasi ya rangi za maji inatoa upepo na umbali ambao kioo cha Michel kiliuzuia. Mtu aliyekuwa ameondolewa katika nchi yake ili apimwe anapata tena nchi, ingawa ni nchi iliyochorwa na Mzungu, na Baloji hajifanyi kwamba ni vinginevyo. Ndiyo maana kazi hii haifariji kirahisi. Inaonyesha kwamba hata uzuri wa Dardenne ulilipiwa na msafara ule ule uliokuja kutwaa shaba, na bado inauacha uzuri huo usimame.

Kutoka kwenye nyaraka za nchi hiyo hiyo ya Watabwa Baloji aliifikia habari ya Lusinga. Lusinga alikuwa chifu mwenye nguvu upande wa magharibi wa Tanganyika. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuja kwa njia ya pwani na Karema, katika Tanzania ya leo, kisha akajenga ngome Mpala, alituma wapiganaji wake Desemba 1884. Walimuua Lusinga na kumkata kichwa. Storms alirudi Ulaya na fuvu hilo pamoja na sanamu la mababu wa chifu. Fuvu likabaki katika taasisi za sayansi za Brussels, sanamu likaingia katika hazina ya Tervuren na kusifiwa vizazi kadhaa kama kilele cha sanaa ya Kitabwa. Baloji alilipiga picha fuvu kwa utaratibu ule ule wa vipimo waliotumia wanasayansi, pembe baada ya pembe. Ni kazi ngumu kuitazama, na inastahili kuwa ngumu. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika bustani ya Brussels ilipokuwa imesimama.

Kazi nyingine zilifuatana kwa kasi. Mfululizo wa *Kolwezi* uliweka mahema na mashimo ya wachimbaji wadogo kando ya mabango ya mandhari ya Kichina yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kupamba nyumba. *Essay on Urban Planning* ya mwaka 2013 ilipanga picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani pamoja na safu za wadudu: ukoloni ulikuwa umeacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika ili mbu wasivuke, na wafanyakazi walitakiwa kuleta nzi 50 waliokufa ili wapewe posho. Mwaka 2014, mjini Ostend, alitumia albamu ya mwindaji wa Kibelgiji Henry Pauwels ya miaka ya 1911 hadi 1913 pamoja na picha za mwandishi wa habari Chrispin Mvano kutoka Kivu, ili uwindaji wa jana na vita vya leo vitazamwe kwa pamoja. Mwaka 2015 alishiriki Biennale ya Venice, na wakati huo alikuwa chini ya uangalizi wa msanii Olafur Eliasson katika mpango wa kampuni ya Rolex wa kulea wasanii. Pamoja na mwanaanthropolojia Filip De Boeck alitoa mwaka 2016 kitabu *Suturing the City*, juu ya miji ya Kongo.

Tangu wakati huo kamera imekuwa chombo kimoja kati ya vingi anavyotumia. Shaba yenyewe imeingia karakana yake: alibonyeza chale za miili, alizoziona katika picha za kikoloni, juu ya mabamba ya shaba, na kwa alama hizo hizo akatengeneza kuba la *The Other Memorial*, akirejelea kanisa la Liège lililoezekwa kwa shaba ya Kongo. Mwaka 2017 alishiriki maonyesho ya documenta 14, na mwaka 2022 aliweka maonyesho katika jumba la Pitti, Florence, kuhusu vitu vya Ufalme wa Kongo vilivyofika Italia karne nyingi kabla ya Leopold. Katika Biennale ya usanifu majengo ya Venice ya mwaka 2023 kazi yake ilitajwa kwa heshima na waamuzi. Filamu yake ndefu, *L'Arbre de l'authenticité*, inakwenda Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichojengwa na Wabelgiji katika msitu wa mto Kongo, na inamsikiliza miongoni mwa wengine Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesomea kilimo Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20. Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya waamuzi katika tamasha la Rotterdam mwaka 2025.